Boi wa Muhinga

Mjukuu wangu wa mwaka wa nne alirudi shuleni Jumatano moja na daftari la Kiingereza. Ukurasa wa kwanza kulikuwa na picha ya mtoto wa kiume anapiga mpira, na chini yake neno moja la herufi tatu: boy. Pembeni mtoto alikuwa ameandika maana yake kwa Kirundi, umuhungu. Akaketi nami barazani, akalisoma kwa sauti mara tatu nne, kisha akaniuliza, "Babu, mbona ile barua ya sandukuni inasema baba yako alikuwa boy, na wakati ule keshazaa watoto watano?"

Barua hiyo naijua kama Alhamdu. Imepigwa taipu kwa Kifaransa. Juu kulia imeandikwa Muhinga, kwa h, kama Wabelgiji walivyozoea kuuandika mji wetu wa Muyinga, na tarehe yake ni ya Juni 1962, siku chache kabla ya uhuru wa Burundi wa Julai 1. Mwandishi wake anathibitisha kwamba boi huyu amemtumikia miaka 16, Kitega, yaani Gitega ya leo, na Muhinga. Ni msafi, ni mwaminifu, anajua kuoka mkate, na halewi. Sifa hiyo ya mwisho ilimchekesha baba mpaka uzeeni. Alikuwa Mwislamu wa swala tano, na bwana wake hakuwahi kujiuliza kwa nini chupa za mvinyo zilikuwa hazipungui. Jina la baba limo, limekosewa herufi mbili. Umri haumo. Alikuwa na miaka 34.

Nimefundisha Kifaransa miaka 31 katika shule za Gitega na Muyinga, na neno hilo nimelikuta vitabuni mara zisizo na idadi. Bado swali la mtoto lilinikaa kooni. Nikamwambia akanawe mikono, chakula kiko tayari.

Neno hili la Kiingereza lilipoanza kuonekana katika maandishi, karne ya 13, halikuwa la mtoto. Lilikuwa la mtumishi, mtwana, mtu wa hali ya chini asiye na lake. Mtoto wa kiume alilirithi baadaye, na kwao wenyewe wakaja kuisahau ile maana ya kwanza. Kwa hiyo daftari la mjukuu wangu limebeba maana changa, na barua ya baba imebeba ile kongwe. Jambo hili nililijua nikiwa nimeshastaafu, na wanafunzi wa kuwaambia sina tena.

Waingereza walikwenda nalo Bara Hindi, na huko likapata pacha wa bandia. Waandishi wawili, Yule na Burnell, katika kamusi yao ya Hobson-Jobson ya mwaka 1886, wanaeleza kwamba wachukuzi wa machela wa kusini mwa India nao waliitwa boi, ila wao jina lao halikutoka Uingereza: lilikuwa jina la jamii yao kwa lugha ya Kitelugu. Mwingereza aliyelala ndani ya machela akiita boi, hakujua kama anasema lugha yake au ya yule aliyembeba begani.

Wafaransa wakalichukua katika karne ya 19, wakalitamka kwa namna yao, na Wabelgiji wakaja nalo Kongo. Hata Wajerumani hawakuliacha. Katika Afrika Mashariki ya Kijerumani, ambayo Burundi ilikuwa pembe yake ya magharibi, afisa alikuwa na boi wake, na askari wa Kiafrika naye alikuwa na kijana wa kumbebea mkeka na sufuria. Kijana huyo Wajerumani walimwita Askariboy: nusu Kiarabu, nusu Kiingereza, ndani ya sentensi ya Kijerumani. Boma la Gitega walilianzisha mwaka 1912. Juni 1916 Wabelgiji wakaliteka, wakakuta watu ambao tayari wakiitwa boi wanageuka. Ndivyo neno la Kiingereza lilivyofika kwetu bila Mwingereza hata mmoja. Mwingereza wa karibu, baada ya vita ile, alikuwa ng'ambo ya mpaka, upande wa Ngara.

Utumishi wenyewe hatukufundishwa na mzungu. Mlimani kulikuwa na umugaragu, aliyemtumikia shebuja wake: anamjengea ua, anamlimia, anamsindikiza safarini, na siku moja anapewa ng'ombe. Ng'ombe huyo alimfunga yeye na wanawe, maana ndama nao walikuwa na haki ya shebuja ndani yao. Mpango huo, ubugabire, mfalme wetu Mwami Mwambutsa aliufuta mwaka 1955. Kulikuwa pia na neno la pwani, mpagazi, lililokuja na misafara likageuka huku kuwa kitenzi: kupagasa, yaani kwenda mbali kuuza nguvu zako. Watu wa Muyinga walipagasa sana. Walikwenda Buganda kwenye pamba na Tanganyika kwenye mkonge, na safari ya Tanganyika iliitwa kwenda Manamba. Hilo nalo ni la Kiingereza, namba, kwa sababu katika shamba la mkonge mtu alikuwa namba yake.

Baba angekuwa namba. Alizaliwa kwenye kilima kimoja cha Gasorwe, 1928 hivi. Njaa ya 1943 na 1944, ambayo wazee wetu waliiita Manori, ilimchukulia mama na ndugu wawili. Mwaka 1946 wenzake wakaelekea mashariki, kwenye mkonge. Yeye akaelekea kusini, Kitega, kwa miguu, kwa sababu mjomba wake alikuwa mzamu kwenye nyumba ya bwana shamba mmoja wa Kibelgiji, na mzamu alikuwa amesikia jikoni kwamba anatafutwa mtu wa kuchota maji. Maisha yetu sote, mimi na ndugu zangu na watoto wetu, yamesimama juu ya neno hilo moja lililosikika jikoni.

Watu wanaolisema neno boi leo, kwa dharau au kwa huruma, hawajui lilikuwa na ngazi ngapi. Chini kabisa alikuwa mchota maji na mpasua kuni, ambaye hata boi hakuitwa. Juu yake boi wa bustani. Kisha boi wa kufua, ambaye Wabelgiji walimwita kwa neno walilolitoa kwa Wareno, lavadère, na ambaye baba alimwogopa kuliko bwana mwenyewe, kwa sababu wanga wa muhogo ukizidi kwenye kola ya shati lawama ilimwangukia aliyeleta maji. Kisha boi wa nyumba, anayetandika vitanda, anayepaka sakafu nta na kuisugua kwa goti mpaka ionyeshe uso. Kisha boi wa mezani, mwenye kaptula nyeupe na koti jeupe. Juu ya wote mpishi, sultani wa jikoni, aliyeruhusiwa kununa. Baba alipanda ngazi hizo zote isipokuwa ya mpishi, ingawa mkate alikuwa akiuoka yeye, kwa kuwa mpishi alikuwa na mikono ya moto na unga haukumpenda.

Alinieleza kazi yake kwa mpangilio wa saa, kama mtu anayesoma ratiba ya treni ambayo haipo tena. Saa kumi na moja alfajiri, baada ya swala, kuwasha moto chini ya pipa la maji ya kuoga. Saa kumi na mbili, kahawa. Maji ya kunywa yachemke, yapoe, yapite kwenye kichujio, na ole wako ukikamatwa umeruka hatua. Utambi wa friji ya mafuta ya taa ukatwe sawasawa. Ukikatwa upande unatoa moshi na maziwa yanaganda kwa uvundo. Pasi ya mkaa ipepewe nje, isipepewe ndani, cheche zisirukie shuka. Kila nguo ipigwe pasi, hata soksi, hata ile ambayo hakuna mtu atakayeiona, kwa sababu kuna nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi na funza wake huingia mwilini. Nilipokuwa mdogo niliona baba anapiga pasi vitambaa vya mkate nikadhani ni maringo.

Lugha ya nyumba hiyo ilikuwa Kiswahili. Bwana hakujua Kirundi, baba hakujua Kifaransa, wakakutana katikati, na katikati hiyo ilikuwa ya kuamuru. Vitabu vidogo vya Kiswahili walivyopewa wazungu wa Kongo na Ruanda-Urundi vilikuwa vimejaa vitenzi vya aina moja: leta, ondoa, pika, fagia, ngoja. Baba, aliyekuwa akijifunza Kiswahili kizuri jioni kwa wafanyabiashara Waislamu wa Kitega, aliniambia bwana wake alikaa miaka yote ile bila kujua kwamba kitenzi kinaweza kuanza na ni- au tu-. Siku ya kuondoka, 1962, mizigo ikiwa ndani ya gari, bwana alimshika mkono. Alitaka kusema jambo. Midomo ikacheza, akatafuta, na alichopata ni neno moja: "Kaa!" Baba alisema ilikuwa amri pekee ambayo hakuitii, maana kesho yake alihama boyeri.

Naamini, na nitaisema hata wataalamu wakininunia, kwamba maboi ndio walioleta nusu ya maneno ya ndani ya nyumba katika Kirundi. Tazama: isahani, imeza, isafuriya, isabuni, ishuka, ipasi, idirisha. Hayo ni maneno ya Kiswahili yaliyovalishwa kichwa cha Kirundi, na yote ni vitu ambavyo boi alivishika kila siku. Mwalimu wa misheni alileta Kifaransa na sala. Mfanyabiashara alileta bei. Sahani ililetwa na mtu aliyeiosha. Akirudi kwao mlimani siku ya mapumziko alikuwa na kipande cha sabuni mfukoni, na huwezi kumpa mama yako sabuni bila kumpa na jina lake.

Kuhusu boyeri. Nyuma ya kila nyumba ya mzungu, mwisho wa kiwanja, palijengwa kijumba cha vyumba viwili visivyo na dari, mlango ukitazama jikoni. Wasemaji wa Kifaransa ndio walioliunda neno hilo kutoka kwa boy, na Kongo, Rwanda na Burundi tukalirithi. Mimi nimezaliwa mwaka 1956 ndani ya boyeri ya Muhinga, miaka mitatu baada ya bwana shamba kuhamishwa kutoka Kitega ili asimamie kahawa huku kwetu. Bati lilikuwa likilia mchana kwa joto. Mama alipika nje. Usiku tulisikia gramafoni ya nyumba kubwa, na baba alituambia tusicheke kwa sauti, kwa sababu sauti hupita pande zote mbili. Ni kweli ilipita. Oktoba 1961, waziri mkuu wetu, Prince Louis Rwagasore, alipopigwa risasi Usumbura, Bujumbura ya leo, baba aliijua habari hiyo kabla ya wakubwa wengi wa mji: alikuwa anaondoa supu wakati wageni wa bwana walipoanza kunong'ona, na kwa miaka 15 walikuwa wamesahau kwamba mtu anayeondoa supu ana masikio.

Baada ya uhuru nyumba ile akaingia mkubwa wa serikali, Mrundi. Alimtaka baba arudi kazini. Baba akakataa. Sababu yake aliitoa mara moja tu nikiwepo: mzungu alimwita boi kwa kuwa hakujua jina lake, lakini huyu alilijua. Akachukua akiba yake, akajenga tanuru la matofali karibu na soko la Muyinga, akaanza kuoka. Mji ulikuwa na wakubwa wapya waliotaka kula mkate asubuhi kama wakubwa wa zamani, na aliyejua kuuoka alikuwa yeye. Watu wakamwita Mzee Boyi. Mkate wake ukaitwa mkate wa Boyi. Mimi nikawa mwana wa Boyi, dada zangu mabinti wa Boyi, na mama, ambaye hajawahi kumtumikia mzungu hata siku moja, akawa Mama Boyi.

Hapa nina kosa la kukiri. Nilipokuwa mwalimu kijana niliisoma riwaya ya Ferdinand Oyono wa Kameruni, Une vie de boy, iliyotoka mwaka 1956, mwaka niliozaliwa; ipo na tafsiri ya Kiswahili iitwayo Boi. Kijana wa riwaya hiyo anaanza kwa kujivunia kuwa boi wa mkuu wa wilaya na anaishia kwa mauti. Niliisoma usiku mmoja. Asubuhi nikaenda sokoni nikawaambia wateja wa baba, mmoja mmoja, kwa sauti ya mtu aliyesoma, kwamba kuanzia leo asiitwe Boyi, ni tusi la wakoloni, ana jina lake. Walinisikiliza kwa adabu. Jioni baba alinisubiri mlangoni na unga bado mikononi. "Boi ni kazi," aliniambia. "Haina umri. Wewe jina hilo limekununulia viatu vya shule, leo umekwenda kulivua hadharani." Hakusema nami siku tatu. Wateja waliendelea kumwita Boyi, naye akaendelea kuitika, na nilipomzika mwaka 1998 nusu ya waliokuja makaburini hawakuwa wakijua jina lake jingine.

Nilikuwa na haki, naye alikuwa na haki, na sijaweza kuzilinganisha. Upande wangu una ushahidi wa dunia nzima. Mwaka 1968 wazoa taka wa Memphis, Marekani, watu wazima wenye wake na watoto, waligoma wakiwa wamebeba mabango yanayosema kwamba wao ni wanaume, kwa sababu walikuwa wamechoka kuitwa boi. Upande wa baba una ushahidi wa karibu zaidi, na ninaupenda zaidi. Dar es Salaam wakati wa Vita Vikuu vya Pili wapishi, madobi na maboi walikuwa na chama chao, kabla ya vyama vingi vya wafanyakazi tunavyovisoma. Na mwaka 1965, katika mji wa Elisabethville, ambao sasa ni Lubumbashi, chama cha watumishi wa nyumbani wa zamani kilitoa historia ya mji huo iliyopigwa taipu kwa Kiswahili cha Katanga. Aliyeikusanya ni André Yav. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian aliichapisha tena mwaka 1990. Humo wazungu wanasimuliwa na watu waliosimama nyuma ya viti vyao: nani alikuja lini, nani alikuwa mkali, maboi waliwapa majina gani. Niliposoma nakala ya rafiki yangu nilisikia sauti ya baba, pamoja na Kiswahili chake cha mwanzo kabla hakijanyooshwa na masheikh.

Wanawake waliingia katika neno hili kwa mlango mwembamba. Kazi za nyumbani kwa Wabelgiji zilikuwa za wanaume, na mwanamke aliajiriwa zaidi kulea. Huyo aliitwa yaya, neno la Kireno lililopita India na pwani mpaka likawa umuyaya kwenye milima yetu. Baadaye wakaongeza mkia wa Kifaransa kwenye neno la Kiingereza wakapata boyesse. Mama alikuwa akilicheka. Alisema linasikika kama jina la mbuzi.

Mimi mwenyewe niliwahi kuwa boi wa namna nyingine. Likizo ya mwaka 1975 nilipanda lori la kahawa kama boi-shofa, msaidizi wa dereva, kutoka Muyinga kupitia Ngozi na Kayanza hadi Bujumbura. Kazi yangu ilikuwa kamba, turubai, maji ya rejeta, na kipande cha mti cha kukinga gurudumu tukisimama mlimani. Kuteremka kutoka Bugarama kwenye ukungu, breki zikinuka, dereva akisoma dua na mimi nimening'inia mlangoni na kile kipande cha mti mkononi, nilielewa kwa nini watu wa malori huzeeka mapema. Siku hizi nikienda Kobero, mpakani, nakuta kazi ileile imevaa majina kwa kufuata vibao vya namba za magari. Mkenya anamwita msaidizi wake tanboi. Mtanzania anasema taniboi, au utingo. Warundi wanasema konvwayeri, kwa Kifaransa. Watatu hao wanakaa chini ya lori moja kukwepa jua, wanasubiri karatasi, wanakula muhogo na karanga, na hakuna anayeuliza neno la mwenzake limetoka wapi. Gereji za Tanzania kuna spanaboi. Kameruni, nimesoma, yupo motor-boy. Fuko la neno hili halijai.

Na lilikuwa na ndugu mwenye bahati. Katika Léopoldville, Kinshasa ya leo, miaka ya 1950, wakati baba anapiga pasi soksi Muhinga, vijana walioshiba filamu za Buffalo Bill walijiita Bills, wakafunga skafu shingoni, wakaunda na lugha yao ya mitaani, Indoubil. Shujaa wao alikuwa kauboi. Silabi ileile ambayo kwenye nyumba kubwa ilimwinamisha mtu, kwenye skrini ilimpandisha farasi. Mrundi haoni ajabu: boi wa ng'ombe lazima awe mkubwa kuliko boi wa sahani.

Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na mwaka 2014 Kiingereza kikawa lugha rasmi pamoja na Kirundi na Kifaransa. Neno lililokuja zamani bila wenyewe sasa limefuatwa na wenyewe, kwenye daftari la mtoto, likiwa limenawa uso na kushika mpira. Vijana wa stendi ya Muyinga, wanaosikiliza muziki wa Dar kutwa nzima, wanaitana "boi wangu" kwa mapenzi. Sijawazuia. Nilishajifunza sokoni.

Ila kuna jambo moja linanitia aibu kuliko barua ya baba. Nyumbani kwangu kuna mtu anayetusaidia kazi, baba wa watoto wawili, anatoka Giteranyi. Hatumwiti boi, mke wangu hawezi kulisikia neno hilo. Tunamwita kijana. "Kijana, leta chai." Nimefundisha miaka 31 kwamba Mfaransa humwita mhudumu wa mkahawa garçon, yaani mvulana, na darasa lilicheka. Waarabu walikuwa na ghulamu, mvulana na mtumwa katika neno moja. Yule bwana shamba tulimcheka kwa kuwa alijua kitenzi cha kuamuru tu, na mimi asubuhi ile nilikuwa nimemwambia mtu mzima alete chai kwa jina la mtoto.

Nilianza kwake. Nilimwuliza anataka tumwite nani. Alifikiri nimekasirika. Baada ya muda akasema kwao wanamwita kwa jina la mtoto wake wa kwanza, Baba fulani, na tangu siku hiyo ndivyo tunavyomwita, ingawa mke wangu husahau akiwa na haraka.

Kisha nikamwita mjukuu, nikaifungua barua juu ya goti, nikamsomea yote kwa Kiswahili, pamoja na habari ya kutokulewa. Nikamwambia neno lile lina maana mbili, na ile ya baba yangu ndiyo ya zamani zaidi. Akanisikiliza akitafuna penseli. Mwishowe akauliza swali lake la kweli: ule mkate ulikuwa mtamu? Nikamwambia ulikuwa mtamu, wa kahawia juu, na watu walikuja kutoka Gashoho kuununua.

Alirudi kwenye daftari. Chini ya umuhungu akaongeza, kwa Kiswahili, kwa herufi za kuinama: muoka mikate. Ijumaa mwalimu aliyawekea maneno hayo alama ya kosa kwa kalamu nyekundu. Muhula ulipokwisha nilimwomba mtoto daftari lile, nikalitia sandukuni juu ya barua.